Mashine Yenye Jina la Baba Mkwe

Lushoto, 6 Julai 2003

Mume wangu mpenzi Timotheo,

Neno "mume" nimeliandika, nikaweka kalamu chini, nikalitazama kama mtu anavyotazama kitenge kipya kabla ya kukikata. Hii ni wiki ya sita tangu tufunge ndoa na ya tatu tangu urudi kazini Bulwa, na bado nikisikia mtu anasema "mke wa Timotheo" nageuka kumtafuta. Kumbe ni mimi. Sweta lako la kijani nalivaa kila asubuhi kwa sababu ya ukungu, au ndivyo ninavyomwambia Mama. Mama yako si mtu wa kudanganywa. Jana aliniuliza ukungu gani huo unaoendelea hadi saa saba mchana kwenye mwili wa mtu mmoja.

Sasa kazi uliyoniachia. Baba anakaa barazani chini ya dirisha na daftari lake, amelileta karibu na pua kwa sababu ya macho. Mimi niko ndani mezani kwenye kompyuta. Hanioni, simwoni, kama adabu inavyotaka. Anasoma neno la Kishambaa, kisha maana yake kwa Kiswahili, nami nachapa. Mama akipita na ndoo anasema tangu nije mimi, msichana niliyesomeshwa na masista Wakatoliki wa Kifungilo, mzee wake wa Kilutheri amegeuka padri wa kuungamisha. Tumeingia herufi ya M. Juzi tulikaa asubuhi nzima kwenye miti tu: mshai, mkulo, na mingine ambayo mimi niliyezaliwa Lukozi sikuwahi kuisikia. Akimaliza neno ananyamaza kidogo, kama anayemsindikiza mgeni hadi njiani.

Anataka yote yaishe kabla ya mwisho wa Agosti. Wenye mtambo wa kuchapa vitabu wamesema baada ya hapo wanaanza kazi ya kalenda. Na daktari wa macho hakumficha: mwakani huenda asione hata daftari. Miaka kumi na moja amekusanya maneno haya, Timotheo. Anataka kitabu akione mwenyewe, si kusimuliwa.

Na ile kompyuta ya zamani uliyoiweka ndani ya kompyuta mpya bado inanishangaza. Nawasha kubwa, nabonyeza, na ile yenye programu ya maneno aliyoachiwa Baba na yule mmisionari, iliyokufa kwa mvua iliyovuja paani, inaamka humo ndani na rangi zake zilezile, kama mtoto anayeamka mgongoni kwa mama. Nilimwambia Mama kwamba mume wangu anafufua. Akasema nisikufuru, lakini alicheka.

Adabu nazishika zote walizonifundisha shangazi zako. Jina la baba mkwe silitamki, silisomi, siliandiki. Jumapili iliyopita alinituma nimletee kitabu chake cha nyimbo, jina lake liko juu ya jalada, nikakibeba nimekilaza kifudifudi. Nadhani aliona. Alikohoa.

Wako, mkeo (naandika tena, mkeo),
Klara


Lushoto, 9 Julai 2003

Timotheo mpenzi,

Barua hii fupi naituma kwa mkono wa Abrahamu, yule dereva wa lori la mboga, kwa sababu posta ni polepole na mimi naogopa.

Tangu jana mashine ya ndani haiamki. Kubwa inawaka vizuri. Nikibonyeza ya ndani, kinatokea kisanduku cha maneno ya Kiingereza na mlio, kisha basi. Nimezima na kuwasha mara sita. Mimi sijagusa kitu. Baba nimemwambia umeme hauna nguvu.

Niambie la kufanya, mpenzi wangu. Wewe huwezi kushindwa na kitu.

Klara wako


Bulwa, 14 Julai 2003

Mke wangu Klara,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Ya kwanza nimeisoma ghalani kati ya mashelfu ya vipuri, nikicheka peke yangu, mpaka msimamizi akauliza kama gia zina vichekesho. Ya pili ikanikata kicheko.

Ruhusa ya kuja siwezi kuomba. Tangu kiwanda kiuzwe, wenye mali wapya wanapunguza watu, na anayeomba siku tatu anaonekana kazi inaweza kwenda bila yeye. Simu iko ofisini kwao. Kwa hiyo tutatengeneza kwa barua. Fanya hivi, polepole:

Kwanza toa nyaya zote, futa vumbi, rudisha. Pili, tazama kama nafasi kwenye diski imejaa. Kama imejaa, mashine ya ndani inakosa pa kulala. Tatu, punguza kumbukumbu uliyoipa mashine ya ndani, labda inaibania ile kubwa. Nne, ile sidii ya programu iko kwenye droo, iweke programu upya. Itakuuliza kama unataka kuhifadhi mashine zilizopo, kubali. Ukimaliza, kwenye orodha utaona jina la Baba kwa herufi kubwa. Nililiweka kwa heshima yake, maana vyote vilivyomo ni vyake. Libonyeze mara mbili.

Na niandikie kile kisanduku kinasema nini, neno kwa neno.

Usiogope, nakala ya kazi yote ipo. Baba usimwambie bado.

Mumeo anayekukumbuka,
Timotheo


Lushoto, 18 Julai 2003

Mume wangu,

Nimefanya yote. Nyaya nimetoa na kurudisha, vumbi nimefuta kwa kanga yangu, nafasi ipo tele, kumbukumbu nimepunguza, programu nimeiweka upya. Kila hatua niliomba iwe ndiyo hiyo. Haikuwa.

Kisanduku kinasema hivi, natafsiri: faili la diski la, hapo pana jina, halionekani, mashine haiwezi kuwaka bila hilo. Ni hayo tu.

Sasa nikuambie jambo, usimwambie mtu. Umeme ulirudi na nguvu zake zote Jumamosi iliyopita, taa ya barazani ikawaka mbele ya macho ya Baba, na mimi sikuwa na uongo mwingine. Akakaa mahali pake, akafungua daftari. Nikakaa mahali pangu. Akasoma neno. Nami nikagonga vitufe, Timotheo. Kioo hakina kitu, nagonga tu, ili asikie sauti. Akasoma la pili, nikagonga. Nimefanya hivyo siku zote tangu hapo isipokuwa Jumapili. Anachoka kusoma, anafuta macho kwa leso, nasikia anavyopenga kamasi, kisha anaendelea, na kila neno analolitoa kwa shida namna ile linaanguka chini, halina wa kulipokea. Jana aliniambia kupitia dirishani, "Pole na kazi, mwanangu." Niliitikia asante. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nitumie ile nakala. Abrahamu atapita huko Jumanne, mpe yeye. Nikiipata nitachapa usiku na mchana hadi nifidie, na hakuna atakayejua.

Sweta lako silivai tena. Naona kama linanitazama.

Klara


Bulwa, 23 Julai 2003

Klara,

Jumanne Abrahamu alikuja, akasubiri, nami sikuwa na cha kumpa.

Nakala haipo. Baba alinipa sidii mbili tupu alizoagiza Tanga, akasema nimwekee kazi yake humo kabla sijaondoka. Moja iliharibika. Nyingine, unaijua. Ni ile ya nyimbo za harusi yetu niliyokuwekea chini ya mto siku naondoka. Nilisema moyoni nitanunua nyingine nikifika. Baba aliponiuliza pale stendi, nilimwambia, "Ipo, Baba." Nawe nilikuandikia hivyohivyo. Uongo ukishauanza unauona kama njia ya kawaida.

Kwa hayo uliyoniandikia, faili halipo tena. Diski imekula sehemu ile. Nimemuuliza yule mtu aliyenifundisha kazi hii naye anasema hivyo. Usiendelee kujaribu. Fungua folda ya mashine ya ndani, futa kila kilichomo, anzisha mashine mpya, upachike programu ya maneno kwa zile diski ndogo za mmisionari. Mtaanza na herufi ya A. Agosti haitawezekana, najua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Baba. Mpe. Lawama ni yangu, wewe huna kosa lolote, na hivyo ndivyo nilivyomwandikia.

Usione aibu kwa sababu yangu kama unaweza.

Timotheo


Bulwa, 23 Julai 2003

Baba,

Shikamoo.

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima wa mwili.

Baba, kazi yako imepotea. Kosa ni langu. Mashine niliijenga vibaya, na nakala niliyokwambia ipo sikuifanya. Ile sidii niliitumia kwa mambo yangu. Mke wangu hakuharibu kitu. Amejaribu kuokoa akashindwa kwa sababu hakukuwa na cha kuokoa. Nakuomba usimkasirikie.

Nimekudanganya stendi nikikutazama usoni. Sina maneno mengine.

Mwanao,
Timotheo


Lushoto, 29 Julai 2003

Timotheo, mume wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na uisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Bahasha yako ilifika jana asubuhi. Nilisoma yangu, kisha nikafanya ulivyosema: nikafungua ile folda nifute. Nikachagua vyote, nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina hakika. Hapo mkono ukanikataa. Nilijua jambo ambalo wewe hulijui, na nimelijua tangu siku ya kwanza, au nimelijua nusu na hiyo nusu nyingine nikaifunika. Nikajibu hapana, sina hakika.

Nikaenda kwa Mama, nikamwambia kuna barua ya Baba. Mama akaipeleka. Dakika haikupita, akarudi nayo. Akasema, "Macho yake leo ni mabaya, anasema umsomee." Basi nikakaa mezani na Baba akakaa chini ya dirisha, kama kila siku, nami nikaanza kusoma maneno yako kwa sauti. Nilisoma shikamoo. Nilisoma kazi imepotea. Nikafika "mke wangu hakuharibu kitu", nikaiweka barua mezani. Mama aliyekuwa anachambua maharage akaacha.

Nikasema, "Baba, hapo mwanao amekosea. Mimi ndiye."

Nikaeleza. Nakueleza na wewe sasa. Kila asubuhi nilipowasha mashine, jina lake lilikuwa pale juu kwa herufi kubwa, na mimi natakiwa kuliweka kipanya kichwani na kuliminya mara mbili. Mkwe wa watu, wiki za kwanza ndani ya nyumba. Niliminya nimefumba jicho moja. Jumatatu ile tarehe saba, baada ya kuzima, nilisema hapana, huu si ustaarabu. Nikalibadilisha. Kwenye orodha, kwenye folda, kila mahali nilipoliona nililiondoa nikaandika MWENYE NYUMBA. Nililala na furaha kama mtu aliyetandika kitanda vizuri. Asubuhi yake mashine haikuamka. Kumbe kuna mahali humo ndani ambapo jina la kweli lilibaki, na mashine ilikuwa inaliita, inaliita, na hakuna anayeitikia.

Ulipouliza kisanduku kinasema nini neno kwa neno, jina ndilo lilikuwa neno lenyewe, nami nikaliruka. Nilijua kwamba kuliandika upya kungeweza kutibu. Lakini kuliandika kwa vidole vyangu, ndani ya nyumba yake, halafu nikuambie kwamba niligusa kitu baada ya kuapa kwamba sikugusa? Nikaona heri niendelee kugonga vitufe.

Nilipomaliza kusema nilisikia kuku wakichakura. Kisha Baba akauliza, hakupandisha sauti, "Neno mshai lina herufi ngapi, mwanangu?"

Nikasema tano, Baba.

"Wewe uligonga kumi na mbili. Nimechapa mitihani ya shule miaka ishirini kwa taipureta, sauti ya mtu anayeandika naijua. Jumatatu baada ya umeme kurudi nilikusomea tena ukurasa wa ile Ijumaa ya miti, wote, tangu juu hadi chini. Hukuniambia tumeshauandika."

Alikuwa anajua, Timotheo. Siku zote alikuwa anasoma akijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani kosa ni la mwanawe na kwamba mimi namfichia mume wangu, na mke anayemfichia mume aibu si mtu wa kuingiliwa. Alikuwa ananisubiri. Nilijifunika uso kwa kanga ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama.

Halafu nikasikia fimbo. Akaingia ndani. Hajawahi kuingia chumba nilichomo. Mama akasimama na ungo mkononi. Nami nikainuka nikarudi nyuma hadi ukutani, nikageuza uso. Akakaa kwenye kiti changu, akasogeza pua karibu na kioo, akaniambia nimwelekeze. Nikamwelekeza nikiutazama ukuta: bonyeza hapo, Baba, sasa hapo, sasa futa lililopo. Akafuta. Akauliza, "Sasa niandike nini?"

Na mimi siwezi kulisema. Nikasema, "Andika la mwenye nyumba."

"La mwenye nyumba ndilo nililofuta sasa hivi."

"La baba yake Timotheo."

Mama akacheka hadi maharage yakamwagika. Nadhani na yeye Baba alicheka, maana kiti kilitikisika. Kisha nikamsikia anaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, wala hakutafuta. Akabonyeza. Ikapiga kimya. Nikawaza, kama hii siyo dawa, narudi Lukozi leo hii kwa miguu. Halafu nikausikia ule mlio wake wa zamani wa kuamka, na Mama akasema, "Haya, amefufuka."

Vyote vipo. Neno la mwisho nililoliandika kweli lipo mahali pake, na baada yake ni weupe mtupu. Weupe ule nilishindwa kuutazama. Baba alirudi barazani, akafungua daftari, akaanza tena pale pale. Sauti imemkauka, lakini anasoma. Nami nachapa. Herufi tano nagonga tano.

Wewe ulibeba kosa langu bila kulijua, na kosa lako ulilifanya kwa ajili yangu, kwa nyimbo zetu. Sijui tunaitwaje watu wa namna yetu. Nakupenda hata aibu ikiwa imekaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga. Sweta nimelivaa tena leo. Niruhusu.

Mkeo,
Klara


Lushoto, 30 Julai 2003

Timotheo,

Nimeandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia mistari iliyopinda. Bahasha pia nimeiandika mwenyewe, ili mkeo asipate shida na jina la mtumaji.

Marahaba.

Ulinidanganya stendi nami nikakuamini kwa sababu ulikuwa unatabasamu. Hilo tutaliongea uso kwa uso. Sidii nyingine imeagizwa kwa Abrahamu, na mkeo ataweka nakala leo kabla ya kula.

Yeye sikumkasirikia. Ila jana nilikaa sana barazani baada ya kazi. Miaka kumi na moja nimekusanya maneno ili yasipotee, na mtoto wa watu ndani ya nyumba yangu amekosa neno la kuniambia jambo, kwa sababu neno lenyewe ni mimi. Mila sikuitunga, nami siivunji. Lakini niliona haya, mzee mzima.

Wenye kiwanda wakikupa Jumapili moja, njoo. Ibadilishe mashine jina, kwa utaratibu wake, kila mahali linapotakiwa kubadilishwa. Usiipe la mkeo, maana nami simwiti kwa jina, hata yeye hajagundua.

Iite Mshai. Hilo sote wawili tunaweza kulitamka.

Baba yako,
Hezekia